Mgeni na Duka Lake: Historia Fupi ya Watu Walioanza Biashara Ndogo Ugenini



Kamati ya kijitabu hiki ilinipa mimi, mwenyekiti wenu, kazi ya kuandika habari za historia. Historia ya kikundi chenyewe, yaani siku tuliyoanza, hisa za kwanza na majina ya waanzilishi, ameshaiandika katibu wetu katika kurasa za mbele, na ameiandika vizuri. Kwa hiyo mimi nimeona nilete historia nyingine, ambayo inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka huu tumeletewa mezani mambo mawili mazito. La kwanza ni la mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Congo, ambaye tumeweka naye hisa tangu mwaka wa pili wa kikundi. La pili ni la binti wa mwanachama wetu, ambaye yuko Muscat, Oman, na anataka mama yake amwombee mkopo ili aanze biashara kule. Yote mawili yanahusu jambo moja: mgeni kuanzisha biashara ndogo katika nchi isiyo yake. Vikao vimekuwa virefu na maneno yamekuwa mengi. Nikasema, kabla hatujapiga kura tuangalie waliotangulia walifanyaje.

Elimu yangu mimi ni ya darasa la saba. Msitafute hapa maneno makubwa. Lakini sisi tunaoishi Bagamoyo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta habari za wageni na maduka yao. Zimejaa hapa hapa pwani.

WALIOKUJA NA KASKAZI

Wazee wetu walijua pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, nao ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni. Kusi huanza kama Aprili, nao huyarudisha. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alikuwa na miezi michache tu ya kuuza na kununua. Akichelewa, jahazi linaondoka anabaki. Wengine walibaki kwa kupenda. Hao ndio waliofungua maduka.

Wengi walitoka Kachi na Gujarati, upande wa magharibi wa Bara Hindi, mahali penye ukame na njaa za mara kwa mara. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliwapa nafasi ya kufanya biashara, na hata kazi ya kukusanya ushuru wa forodha ikakodishwa kwa nyumba ya biashara ya Kihindi ya Jairam Shivji.

Katika nyumba hiyo alifanya kazi kijana mmoja aliyeitwa Tharia Topan. Alifika Unguja akiwa mtoto asiye na mali, akaanza kazi za chini, akajifunza hesabu, na baadaye yeye mwenyewe akashika kazi ya forodha na kuwa tajiri mkubwa. Mwaka 1887 alianza kujenga zahanati Unguja kwa ajili ya maskini. Akafariki mwaka 1891 jengo halijaisha. Nani alilimaliza? Mjane wake. Jengo lilikamilika mwaka 1894, na mpaka leo ukishuka kwenye boti pale bandarini Malindi unaliona, lina roshani za mbao zilizochongwa. Watu wanamtaja mume, na hilo ni haki yake. Lakini sisi kina mama tumtaje na mke.

Hapa kwetu Bagamoyo palikuwa na Sewa Haji Paroo. Ukoo wake ulitoka Kachi, ukafungua duka hapa wakati Bagamoyo ilipokuwa mlango wa misafara ya bara. Misafara ilihitaji nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba, kwa kuwa bara fedha za sarafu hazikuwa zikitumika sana. Sewa Haji aliuza hivyo, akanunua pembe za ndovu zilizorudi, akatafutia wageni wa Kizungu wapagazi. Haifai kuficha kwamba njia ile ile ya misafara ilipita watumwa, na mali nyingi ya wakati ule ilikuwa na machozi ya watu ndani yake. Historia tuiseme yote, tamu na chungu.

Lakini Sewa Haji alifanya jambo ambalo wageni wengi wenye mali hawakulifanya. Alitoa nyumba hapa Bagamoyo iwe shule ya watoto wa kila rangi. Alitoa fedha za hospitali Dar es Salaam, akafariki mwaka 1897. Ukienda Muhimbili leo utaona jengo la Sewa Haji. Wangapi kati yetu tumelaza wagonjwa wetu pale bila kujua kwamba jina lile ni la muuza duka wa Bagamoyo?

Kwa Sewa Haji alikuja kijana mwingine, Allidina Visram. Alizaliwa Kachi mwaka 1851, akafika pwani hii akiwa na umri wa miaka 12. Alianza kama msaidizi. Akajifunza, akapewa mali ya kuuza, akafungua tawi, halafu jingine, Sadani, Dar es Salaam, mpaka Ujiji. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, yeye aliifuata reli. Ilipofika kituo, alifungua duka, akawauzia chakula wafanyakazi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Visram akavuka mpaka Uganda. Alifariki mwaka 1916, na Mombasa kuna shule kubwa yenye jina lake.

Reli hiyo ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, lakini kama 6,700 walibaki. Baadhi ya hao wakawa mafundi, wengine makarani, na wengine wakafungua vibanda vya bati porini.

DUKA LENYEWE LILIFANYAJE KAZI

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu ndipo penye somo.

Neno letu "duka" lenyewe lilikuja na wageni hao na Waarabu. Vile vile "pesa", "rupia" na "laki". Duka la kwanza la mgeni halikuwa kubwa. Lilikuwa chumba kimoja cha bati au udongo, mbele mauzo, nyuma kitanda. Aliuza chumvi, sukari, mafuta ya taa, kiberiti, sabuni, sindano na uzi, nguo. Aliuza kidogo kidogo: chumvi kwa kibaba, sabuni kipande, mafuta kwa kipimo kidogo. Mtu maskini hana fedha ya kununua gunia, lakini ana ya kununua kibaba, na maskini ndio wengi.

Tena duka halikuuza tu, lilinunua pia. Mtu alileta ngozi, ufuta, karanga, nta au pamba, akapewa chumvi na nguo. Kwa hiyo mwenye duka alipata faida mara mbili, akiuza na akinunua. Wakulima walilalamika kwamba mizani ilipunja, na mara nyingi walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini ujue kwamba ndivyo duka dogo lilivyoweza kuishi mahali ambapo noti na sarafu zilikuwa chache.

Mtaji alipata wapi? Hili ndilo swali la kikundi kama chetu. Kijana aliyeshuka kwenye jahazi hakuwa na mtaji. Alikaa kwanza kwa mjomba au mtu wa kijiji chake au wa jumuiya yake, akafanya kazi miaka kadhaa kwa chakula, malazi na mshahara mdogo. Akionekana mwaminifu, tajiri alimpa bidhaa kwa mali kauli: chukua, kauze, lete fedha baadaye. Hakuna benki, hakuna dhamana ya nyumba. Dhamana ni jina lake na jina la waliomleta. Akila fedha ya mwenye duka la jumla Bagamoyo, habari itafika Unguja, itafika mpaka Kachi kwa mama yake, na hakuna atakayempa tena hata sindano.

Mnaona? Hiyo ni nini kama si kikundi? Sisi tunasema wadhamini wawili na jina lako katika daftari. Wao walisema hivyo hivyo kwa lugha yao. Watu husema Wahindi walizaliwa na akili ya biashara. Mimi sikubali. Walizaliwa na watu wa kuwadhamini. Mtoto wa Mzaramo au Mkwere wa wakati ule, hata angekuwa na akili namna gani, nani angempa mali kauli?

Na serikali ya kikoloni iliongeza kufunga mlango. Mwaka 1923 Waingereza walitunga hapa Tanganyika sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa deni hilo limekubaliwa na ofisa wa serikali. Walisema ni kumlinda Mwafrika asidhulumiwe. Lakini matokeo yake ni kwamba tajiri wa jumla hakumkopesha Mwafrika mwenye duka, kwa kuwa akikimbia hakuna pa kumshitakia. Basi mwenyeji akabaki na fedha aliyonayo mkononi tu, na mgeni akawa na mali kauli. Baada ya miaka 30 ukiwatazama wote wawili, mmoja ana ghorofa na mwingine ana meza, utasema tofauti ni bidii? Tofauti ilikuwa mkopo.

MWENYE DUKA ALIYESIKILIZA KINA MAMA

Nisisahau kanga, maana bila kanga sherehe yetu haiwi sherehe.

Zamani kina mama wa pwani walinunua leso za mraba zilizouzwa kwa mtindo wa jora, wakakata na kuunga vipande sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi. Wenye maduka wakaona wateja wanavyofanya. Badala ya kuwaambia leso si ya kuvaa hivyo, wakaagiza kitambaa kilichochapwa kikiwa kizima namna kina mama walivyotaka. Mmoja wa waliopata sifa katika biashara hiyo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye watu walimwita Abdulla. Kanga zake zilichapwa maneno "Mali ya Abdulla", na yeye ndiye anayetajwa kuanza kuweka majina na misemo ya Kiswahili kwenye kanga.

Hapo pana elimu kwa yeyote anayekwenda kuuza ugenini. Mgeni hakuja na kanga. Kanga ilitoka kwa mteja. Mgeni alikuwa na masikio tu.

MLANGO UKIFUNGWA

Sasa tuje kwenye sehemu chungu. Mgeni anaweza kukaa miaka 70, watoto na wajukuu wakazaliwa, na bado siku moja akaambiwa wewe si wa hapa.

Hapa kwetu, baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mabenki na biashara kubwa zilitaifishwa. Mwaka 1971 zikataifishwa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini wenye nyumba hizo wengi walikuwa Waasia, na wengi wakaondoka nchini. Kenya nako, sheria za leseni na uhamiaji za mwaka 1967 ziliwabana wasio raia, wakakimbilia Uingereza kwa maelfu mpaka Uingereza ikatunga sheria ya kuwazuia mwaka 1968.

Lakini lililotisha zaidi ni la Uganda. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke kwa muda wa siku 90. Mwalimu Nyerere alilipinga jambo hilo waziwazi na kusema ni ubaguzi wa rangi. Haikusaidia. Watu waliacha nyumba, viwanda, maduka yenye bidhaa rafuni. Waliruhusiwa kuchukua fedha kidogo sana, kama paundi 50 kwa familia. Nanji Kalidas Mehta, ambaye alianza Uganda na duka dogo na kufikia kujenga kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, alishafariki wakati huo. Ukoo wake ukapoteza kiwanda kama wengine walivyopoteza vibanda.

Maduka yakagawiwa wanajeshi na marafiki wa serikali. Amin aliita hiyo vita vya uchumi. Waliogawiwa waliuza bidhaa zilizokuwemo, nyingine bila kujua bei yake, zikaisha. Halafu ikawa hakuna cha kuuza, kwa kuwa hawakujua pa kuagiza, na waliowajua hawakuwaamini kwa mali kauli. Sukari, chumvi na sabuni zikawa shida kwa Mganda wa kawaida ambaye hata hakugawiwa duka. Kumbe duka si rafu. Duka ni kujua, kujulikana na kuaminika, na vitu hivyo huwezi kumnyang'anya mtu.

KUANZA TENA NA MIKONO MITUPU

Kama Waasia 28,000 kutoka Uganda walipokewa Uingereza mwaka huo. Waliwekwa kwanza kwenye kambi za zamani za jeshi, wakati wa baridi, watu waliozoea jua la Jinja na Kampala. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaambia wasije Leicester, mji umejaa. Tangazo hilo liliwafanya wengine waujue mji ambao hawakuwa wameufikiria. Wakaenda.

Walifanyaje? Hawakuanza na maduka. Walianza na viwanda. Aliyekuwa bosi Kampala alisimama kwenye mashine Leicester. Na kina mama, ambao wengi nyumbani Uganda hawakuwahi kuajiriwa, waliingia viwanda vya soksi na nguo. Mshahara wa mume ukalipa kodi na chakula, mshahara wa mke ukawekwa. Ndugu wakaunganisha akiba. Baada ya miaka michache wakanunua duka la pembeni ya mtaa kutoka kwa mzee wa Kiingereza aliyetaka kupumzika. Juu wanalala, chini wanauza. Walifungua alfajiri kwa ajili ya magazeti na maziwa, wakafunga usiku wakati wengine wamelala. Watoto walifanya kazi za shule nyuma ya kaunta. Barabara ya Belgrave, ambayo ilikuwa imechakaa, ikajaa maduka ya sari, vito na vitamu. Leo mji huo huo unajivunia barabara hiyo na unawaleta wageni kuitazama.

Kuna hadithi moja ya kabla ya hapo ambayo napenda kuwapa, kwa sababu ina mwanamke na jiko. Laxmishankar Pathak alikuwa mzaliwa wa Gujarati aliyefanya kazi Mombasa katika biashara ya vitamu. Katika miaka ya 1950 alihamia London na mkewe, Shanta, na watoto, akiwa na paundi tano tu. Kazi aliyopata ilikuwa ya kusafisha mifereji ya maji machafu. Basi wakaanza kupika sambusa na vitamu katika jiko dogo la nyumbani na kuwauzia Wahindi waliokuwa na hamu ya chakula cha kwao. Baadaye wakapata duka mtaa wa Drummond, karibu na kituo cha Euston, halafu kiwanda cha achari na viungo. Jina walilifupisha kuwa Patak's ili Waingereza waweze kulitamka. Mwaka 2007 kampuni ilinunuliwa na kampuni kubwa ya chakula ya Uingereza. Kutoka sambusa!

Lakini msimalizie hapo. Mwaka 2004 mabinti wawili wa ukoo huo walikuwa mahakamani na kaka yao wakigombania hisa ambazo walisema zilikuwa zao na zikawatoka. Kesi ilimalizwa kwa maelewano. Mimi si hakimu na sisemi nani alikuwa na haki. Nasema hivi: hata pale ambapo mama alisimama jikoni, swali la mwisho ni jina la nani limeandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAMBO MAWILI YALIYO MEZANI KWETU

Sasa turudi nyumbani.

Mwezi Julai 2025 serikali yetu ilitangaza amri inayokataza wasio raia kufanya biashara 15 za aina ya kazi ndogo ndogo. Ndani yake mna maduka ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na ya aina hiyo, kutuma na kutoa fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni, udalali, kuongoza watalii, na kununua mazao shambani. Mgeni akivunja anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa, na raia anayemsaidia kuvunja naye ana adhabu yake.

Nitasema ukweli: wengi wetu tulifurahi. Wenye meza sokoni wanajua ilivyo kuuza bidhaa jirani na mtu anayeagiza mwenyewe kontena zima na kuuza kwa bei ambayo wewe hata kununua hupati. Mwenyeji naye ana haki ya kula kwake. Nimeeleza hapo juu jinsi mwenyeji alivyofungiwa mlango wa mkopo kwa miaka mingi, kwa hiyo sitamlaumu mtu anayetaka leo alindwe kidogo.

Lakini furaha ikaisha tulipokumbuka kwamba mwenzetu anayeuza vitenge ni mzaliwa wa Congo na hana karatasi za uraia. Ameolewa hapa, amezaa hapa, amezika hapa. Katika miaka minane hajachelewesha rejesho hata wiki moja. Amefunga meza yake.

Mmoja wetu, kwa moyo mwema, alijitolea leseni iandikwe kwa jina lake ili mwenzetu aendelee. Kamati imekataa, na naomba mkutano nao ukatae. Kwanza sheria inamwadhibu raia anayefanya hivyo. Pili, jina la kuazima ni mtego wa pande zote mbili. Siku ya ugomvi au ya msiba, watoto wa mwenye jina watasema mali ni ya mama yetu, na karatasi itawaunga mkono. Tatu, iko njia halali. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia. Ni safari ya fomu na ada, nayo ameianza. Kamati inapendekeza akopeshwe ada hiyo kutoka mfuko wa jamii, bila riba.

Kuna waliouliza, je, hisa zake? Jibu langu ni fupi. Hisa zake ni zake. Aliziweka kwa jina lake, tumezigonga muhuri kwa mikono yetu. Ikiwa siku moja atalazimika kuondoka, ataondoka na akiba yake na gawio lake mpaka shilingi ya mwisho. Kikundi ambacho kingegawana hisa za mwenzao kwa sababu kazaliwa ng'ambo ya ziwa kingekuwa kinagawana maduka ya Kampala, na tumeona maduka yale yalivyoishia.

Jambo la pili ni binti wa Muscat. Anafanya kazi za ndani. Anapika vizuri sana, vitumbua na chapati zake zinajulikana kwa Watanzania wa kule, na anataka kuacha kazi apike na kuuza. Mama yake ameomba mkopo wa milioni mbili. Waliounga mkono wanasema: si ndivyo alivyoanza mke wa Pathak? Ni kweli ndivyo. Lakini Pathak na mkewe walikuwa na ruhusa ya kukaa na kufanya kazi yoyote. Binti yetu kibali chake kimefungwa kwa kafili wake, na kibali cha kazi za ndani si leseni ya biashara. Akiacha kazi hovyo, anapoteza na ukaazi. Akikamatwa anauza bila leseni, atarudishwa, na mama yake atabaki na deni letu.

Na hata mwenye karatasi zote hana uhakika wa majirani. Mwezi Mei 2008 huko Afrika ya Kusini watu zaidi ya 60 waliuawa katika fujo dhidi ya wageni, na maduka madogo ya wageni yakavunjwa na kuporwa. Mwaka 2015 fujo zikatokea tena Durban. Mgeni mwenye duka anahitaji sheria imruhusu, na anahitaji jirani ampende.

Kwa hiyo mapendekezo ya kamati, mtakayoyapigia kura, ni haya:

Kwanza, kikundi kinamkopesha mwanachama, si mtu aliye nje. Mwanachama mwenyewe ndiye mdaiwa, na wadhamini wake wawili wako hapa.

Pili, mkopo wa biashara ya ugenini hautoki kabla kamati haijaona leseni au kibali cha nchi ile chenye jina la atakayefanya biashara. Siyo picha ya duka. Kibali.

Tatu, mkopo wa kwanza usizidi akiba ya mwanachama mwenyewe. Wa zamani walianza na kibaba, na sisi tuanze na kibaba.

Nne, anayetaka kutoka kwenye ajira kwenda kwenye biashara aanze kwa kuweka akiba akiwa bado kazini, kama walivyofanya kina mama wa Leicester. Binti yetu anaweza kumtumia mama yake, na mama akaweka hisa kila wiki. Siku karatasi zikipatikana, huku au huko, mtaji utakuwa upo.

Tano, kazi ya mke, ya binti na ya dada iandikwe. Kama anapika, iandikwe sehemu yake. Msiniambie sisi ni ndugu. Ndugu ndio wanaofika mahakamani.

MWISHO

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Misemo hiyo haigombani. Wa kwanza unamwambia mwenyeji kwamba mgeni ana kitu, na wa pili unamwambia mgeni kwamba lazima ashike jembe pamoja na wenyeji. Sewa Haji alishika jembe lake kwa kujenga hospitali, na ndiyo maana jina lake halikufutwa hata mali za wengine zilipotaifishwa.

 Karibuni wote kwenye mkutano mkuu, mje na vitabu vyenu vya hisa. Kura ni ya siri, na kila jina lililomo kwenye daftari lina kura moja, alikozaliwa mwenye jina popote.

Mwenyekiti wa Kikundi
Bagamoyo